Kitinda mimba wa kilo mbili na robo

Mama wa miaka arubaini akishika mimba, hapa kwetu Amu (Lamu) watu huuliza kwanza kama nguvu za kusukuma bado anazo. Swali linalofaa kutangulia ni jingine: mtoto anakua? Uchungu ni kazi ya siku moja. Kukua ni kazi ya wiki 40, na kwa mama aliyepita miaka 35 kazi hiyo huweza kuharibika kimyakimya, bila damu kutoka wala tumbo kuuma, mpaka mtoto alazwe kwenye mizani na mshale usimame kwenye kilo 2.25.

Mtoto mwenye uzito pungufu ni yule aliyezaliwa chini ya gramu 2500, awe ametimiza miezi au hakutimiza. Chini ya 1500 ni uzito mdogo mno. Mwaka 2020 duniani kote walizaliwa watoto kama hao karibu milioni 19.8, takriban mtoto 1 katika kila 7. Mstari huo uliwekwa kwa kuwa chini yake hatari ya kufa mwezi wa kwanza hupanda kwa kasi. Hata hivyo mtoto wa gramu 2520 ambaye maumbile yake yalitaka awe na kilo 3.4 naye ametoka tumboni na njaa, ingawa kitabuni ataandikwa mzima.

Na mizani yenyewe ina mambo yake. Iwekwe juu ya meza iliyo sawa, kitambaa kitandikwe kwanza, mshale urudishwe kwenye sufuri, ndipo mtoto alazwe, uchi, ndani ya saa ya kwanza. Akipimwa amefungwa leso, uzito wa ile leso unatosha kumtoa kwenye 2400 na kumvusha mstari. Kosa jingine la mkono wa haraka ni kukadiria: 2460 inaandikwa 2500, mama anaruhusiwa jioni ileile, na mtoto aliyehitaji kuangaliwa sukari na joto anapanda boti kurudi Faza. Mama, uliza namba kamili. Ni haki yako, na utaihitaji wiki ya pili utakapotaka kujua kama mtoto ameongezeka.

Umri wenyewe haumpunguzi mtoto

Neno hili nalisisitiza kwa sababu wanawake wazima wanatishwa bure. Wako wengi wanaozaa wakiwa na miaka 41 watoto wa kilo 3.5. Wanaozaa wakiwa na miaka 16 nao huzaa wadogo, pengine zaidi. Kinachomfinya mtoto ni vitu vinavyofuatana na umri: presha iliyokuwepo kabla ya mimba bila mtu kuijua, kisukari, uvimbe kwenye kizazi, kondo la nyuma kukaa chini na kuziba njia, damu iliyokwisha kwa uzazi wa mfululizo, na mimba ya mapacha. Wengi huona mapacha kuwa ni bahati tu, lakini mwanamke wa miaka 35 hadi 39 hupata mapacha wasiofanana zaidi ya msichana wa miaka 22, kwa kuwa homoni inayokomaza mayai hupanda umri ukisogea na mwezi mmoja huweza kutoa mayai mawili. Mapacha hugawana nafasi na chakula, na wengi huzaliwa kabla ya wakati.

Kisukari kinawachanganya watu. Kile kinachoanza wakati wa mimba mara nyingi humnenepesha mtoto. Kisukari cha miaka mingi, kilichokwisha kuharibu mishipa midogo ya damu, kinaweza kumkondesha. Kwa hiyo mama mwenye sukari asijiambie kwamba kwake hofu ni mtoto mkubwa tu.

Hebu tulitazame kondo la nyuma kwa karibu, maana humo ndimo mengi yanamoanzia. Mwanzoni mwa mimba, kondo hutuma chembe zake ndani ya ukuta wa kizazi, zikaenda kuifungua mishipa ya damu ya mama iliyojisokota kama kamba. Mishipa ile iliyokuwa myembamba hupanuka ikawa mifereji mipana, laini, isiyoweza tena kujibana. Kazi hiyo humalizika karibu na wiki ya 20. Mama mwenye presha ya zamani au mishipa migumu, kazi hii huweza kukwama nusu njia. Mifereji inabaki myembamba na damu inayomfikia mtoto ni kidogo. Mtoto bado ni wa gramu 300, anatosheka, hakuna anayeona kitu. Tatizo huonekana baada ya wiki 28, anapotaka kunenepa, na maji ya mfereji hayatoshi shamba. Mwili wake huchagua: damu hupelekwa kwenye ubongo na moyo, tumbo na miguu hukonda. Ndiyo maana mtoto wa namna hii huzaliwa na kichwa kinachoonekana kikubwa na mapaja yenye ngozi iliyolegea.

Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini kliniki ya mwezi wa saba imechelewa. Dawa ya kusaidia mishipa ile ina dirisha lake, na dirisha hufungwa mapema.

Anayechelewa ni yule anayejua

Msichana wa mimba ya kwanza huletwa kliniki na mamake mwezi wa tatu. Anayechelewa ni aliyezaa sita. “Mimba si ngeni kwangu,” husema, na kweli si ngeni. Kilicho kigeni ni mwili anaoibebea safari hii. Wengine hawajui kama wana mimba. Hedhi ikikosekana ukiwa na miaka 43, fikira ya kwanza ni kwamba umefikia ukomo. Aliyekuwa akidungwa sindano ya uzazi wa mpango alishazoea kukaa miezi bila kuona siku zake. Ni mpaka tumbo linapocheza ndipo anashtuka, na kucheza huko, kwa aliyewahi kuzaa, huja wiki ya 16 hadi 18. Kwa hiyo mwanamke yeyote aliye na mume na hajafikia mwaka mzima bila hedhi, siku zikipita wiki mbili apime mkojo.

Pale tarehe ya hedhi isipojulikana, picha ya ultrasaundi ndiyo mkombozi, na ifanywe mapema. Ya kabla ya wiki 14 hukosea kwa takriban siku 5 hadi 7. Ya baada ya wiki 28 inaweza kukosea wiki tatu. Wiki tatu ndizo zinazotenganisha mtoto aliyezaliwa mapema na mtoto aliyekondeshwa tumboni, na hao wawili hawatunzwi sawa. Mwenye uwezo wa kulipia picha moja tu na ailipie mwanzoni, asiiweke akiba ya kuja kujua kama ni mume au mke.

Kuna pia hesabu ya miezi mwandamo, ambayo bibi zetu huitumia kwa ustadi na mara nyingi kwa kumbukumbu nzuri kuliko kalenda ya ukutani. Hesabu yenyewe ni nzuri, ila ina pengo. Miezi tisa ya mwandamo ni siku 265 au 266. Mimba, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ni siku 280. Akihesabu miezi tisa tangu alipoona damu, atajiona amefika akiwa na takriban wiki 38, na zikipita siku kumi aanze kuambiwa kwamba mtoto amelala, anywe dawa ya kuuchokoza uchungu. Mtoto hakulala, zimebaki wiki zake mbili za kunenepa. Anayehesabu kwa mwezi mwandamo aongeze siku 14 au 15 juu ya ile tisa.

Mambo ya kupimwa, na jinsi yanavyokosewa

Ratiba ya sasa ni mara 8: ya kwanza kabla ya wiki 12, kisha 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Mama wa zaidi ya 40, au mwenye presha, aombe kuonwa karibu zaidi ya hapo.

Presha ipimwe mama akiwa amekaa na kupumzika dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haikupandana, mkono uko usawa wa moyo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo. Aliyetembea kwa miguu kutoka Langoni hadi kliniki saa sita za mchana, na buibui juu, apewe maji kwanza na akae. Ikifika 140 kwa 90 irudiwe. Ikibaki hapo, mkojo upimwe protini siku hiyohiyo. 160 kwa 110 ni ya kulazwa bila kurudi nyumbani kuchukua nguo. Kichwa kugonga, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, uso kuvimba asubuhi: hizo ni dalili za kifafa cha mimba kinachokaribia, na haziponi kwa kulala.

Utepe wa kupimia tumbo ni kifaa cha shilingi chache ambacho hudharauliwa. Mama aende haja ndogo kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha kizazi. Alale chali, miguu imekunjwa kidogo. Muuguzi atafute kwa kiganja kilele cha kizazi, ashike utepe upande usio na namba ili jicho lisimdanganye, aushushe mpaka mfupa wa kinena, ndipo augeuze asome. Kuanzia wiki ya 24 sentimita hukaribia idadi ya wiki. Wiki 32 na utepe unasema 28, hapo pana jambo: mtoto hakui, au maji ni machache, au tarehe si sahihi. Wiki mbili mfululizo utepe ukasimama palepale, mama atumwe akapigwe picha. Tumbo lililozaa mara nane hulegea na huning'inia, utepe hupotea, kwa hiyo kwa mama huyo picha ya pili kwenye wiki 32 hadi 34 ina thamani kubwa.

Kucheza kwa mtoto hakuhitaji kifaa. Baada ya wiki 28 kila mtoto ana desturi yake. Wengine hucheza baada ya magharibi, mama anapokaa. Desturi ikipungua kwa siku nzima, usimsubiri mpaka kesho. Ni uongo kwamba mtoto hutulia kwa kuwa uchungu umekaribia.

Mkojo upimwe pia uambukizo, hata kama hauchomi. Vijidudu vilivyokaa kimya kwenye kibofu huweza kupanda hadi figo na kuanzisha uchungu wiki ya 33. Dawa zikitolewa za siku saba, ni siku saba.

Aspirini, kalsiamu, chuma na malaria

Mama mwenye hatari ya kifafa cha mimba hupewa aspirini ndogo, miligramu 75 kila siku, kuanzia wiki ya 12. Inafaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki 16, na baada ya 20 faida yake hupungua sana. Wenye hatari kubwa ni waliowahi kupata kifafa cha mimba, wenye presha ya kudumu, kisukari, au ugonjwa wa figo. Umri wa miaka 35 au 40 peke yake huhesabiwa hatari ya wastani, ila ukiungana na jingine, kama mimba ya kwanza, unene, mapacha, au pengo la zaidi ya miaka 10 tangu uzazi wa mwisho, mizani inaelekea kwenye kupewa. Isinunuliwe dukani kwa kusikia: wenye vidonda vya tumbo, pumu inayoamshwa na aspirini, au waliotokwa na damu wana hesabu nyingine.

Kalsiamu hutolewa gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, imegawanywa mara tatu pamoja na chakula, pale ambapo chakula chenyewe hakina ya kutosha. Isimezwe pamoja na vidonge vya damu. Hivi viwili hugombana tumboni, kwa hiyo viachane kwa saa kadhaa. Dagaa wanaoliwa na miba yao, simsim na maziwa ya ng'ombe au ngamia yaliyochemshwa husaidia. Papa mkavu na ng'onda vina chumvi nyingi, si rafiki wa mwenye presha. Papa na nduwaro, hata wakiwa wabichi, wapunguzwe, maana samaki wakubwa wawindaji hukusanya zebaki. Changu, tasi na dagaa hawana tabu hiyo.

Vidonge vya damu, vyenye chuma miligramu 60 na asidi ya foliki 0.4, ni kila siku tangu mwanzo. Kipimo cha damu (himoglobini) chini ya gramu 11 kwa desilita ni pungufu. Chini ya 7 ni hatari. Kinachoharibu kazi ni chai. Asubuhi yetu ni mahamri, mbaazi za nazi na chai ya rangi, na kidonge kinasukumwa na chai hiyohiyo. Tanini ya chai na ya kahawa hukishika chuma kikatoka nacho. Kidonge kinywewe usiku kabla ya kulala, na maji yaliyokamuliwa ndimu au kipande cha embe, chai ikae mbali kwa saa mbili. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Wengi huacha dawa kwa kuogopa hilo. Minyoo hunywa damu pia, kwa hiyo albendazoli miligramu 400, mara moja, baada ya miezi mitatu ya kwanza. Anayetamani kula udongo apimwe damu, maana tamaa hiyo mara nyingi huja na upungufu.

Mwambao wetu umo katika maeneo ambayo mjamzito hupewa SP (sulfadoksini na pirimethamini) kuzuia malaria: vidonge 3 kwa pamoja mbele ya muuguzi, kuanzia wiki ya 13, kila mara kukipita angalau mwezi mmoja, mpaka kuzaa. Malaria hujificha ndani ya kondo la nyuma, mama asipate hata homa, na mtoto akakosa chakula. Aliyezaa mara nyingi katika eneo la malaria ana kinga kiasi. Anayeshika mimba ya kwanza na miaka 38 hana. Foliki ya miligramu 5 huzuia SP kufanya kazi, kwa hiyo ile ya 0.4 ndiyo yake. Anayetumia Septrini kila siku hapewi SP.

Miraa, muguka, tumbaku ya kutafuna, ugoro na shisha vyote hubana mishipa. Vilevile kuna wanaojinyima chakula mwezi wa nane ili mtoto awe mdogo apite kwa urahisi. Kichwa, ambacho ndicho kinachopita kwa shida, hakipungui. Kinachopungua ni mafuta ya mtoto na akiba yake ya sukari. Ramadhani, mama mwenye presha, sukari, au mtoto ambaye utepe wake umesimama azungumze na daktari na ustadhi wake kabla ya mwezi kuandama. Ruhusa ya mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto inajulikana, na siku hulipwa.

Maji kupwa hayamngojei mtu

Mama wa Kizingitini, Ndau au Kiwayu hawezi kupanga uzazi kama mama wa Malindi mjini, mwenye barabara mlangoni. Kupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, kunataka maji yajae, na wakati wa kusi, Juni na Julai, bahari ya nje hairuhusu papara. Kwa mama aliyepita 35 mwenye presha, mapacha au mtoto aliyedumaa, ushauri wangu ni kuhamia kwa jamaa Amu au karibu na hospitali kuanzia wiki ya 36, na mapema zaidi mtoto akiwa na dosari. Fedha za boti ziwekwe kando, nambari ya nahodha iwe kwa mume na kwa jirani, na watu wawili wenye kundi lake la damu wajulikane.

Uchungu au chupa kuvunjika kabla ya wiki 34 kuna hesabu ya saa. Deksamethasoni, miligramu 6 kila saa 12 mara nne, hukomaza mapafu ya mtoto, na hufaa zaidi ikipata saa 24 kabla hajatoka. Inatolewa pale penye uwezo wa kumtunza mtoto mchanga. Kila saa inayopotea gatini inakatwa kwenye hizo 24. Mtoto husafiri vizuri zaidi akiwa tumboni kuliko akiwa ndani ya boti. Ikibidi asafiri baada ya kuzaliwa, awe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, leso juu yake, na juu ya leso nailoni ya kuzuia maji ya bahari, uso ukiwa wazi.

Wadogo wawili wasiofanana

Chukua watoto wawili wa gramu 2100. Mmoja ni wa wiki 34: masikio laini yanayokunjika yakachelewa kurudi, nyayo zenye mistari michache, manyoya mgongoni. Uzito wake ni wa umri wake. Hatari zake ni pumzi, kunyonya na manjano ya ngozi na macho. Wa pili ni wa wiki 39: mrefu, mkavu, ngozi inachubuka, macho yamekodoa, analia njaa. Huyu mapafu yake yamekomaa lakini hana akiba. Sukari hushuka haraka na baridi humpata upesi. Wapo wanaosema mtoto wa miezi saba huishi na wa minane hufa. Si kweli. Kila wiki anayozidi kukaa ndani akiwa anakua humwongezea uhai.

Wote wawili wafutwe mara moja, kitovu kisikatwe mpaka ipite angalau dakika moja, wanyonye ndani ya saa ya kwanza, wasioshwe kabla ya saa 24. Joto la Malindi humdanganya mkunga: mtoto aliyelowa, chini ya pangaboi, hupoa hata mchana wa kaskazi. Joto la mwili liwe kati ya 36.5 na 37.5. Nyayo zikiwa baridi na tumbo moto, tayari ameanza kupoa.

Dawa bora ya hapo ni kifua cha mama. Mtindo huu ulianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri uanzwe mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania na kutolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuanza mara moja, bila kungoja mtoto atulie kwanza, kulipunguza vifo kwa robo kati ya watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8.

Leso zetu huuzwa mbili mbili, na zote mbili zina kazi. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Awekwe wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama chura, mikono pia, shavu moja juu ya ngozi ya mama, kidevu kimeinuliwa kidogo ili koo lisijikunje. Leso ya kwanza ikunjwe, ipite mgongoni kwa mtoto, ukingo wa juu uishie chini ya sikio lake, ifungwe kwa nguvu mgongoni mwa mama: mama akisimama, mtoto asiteleze. Tumbo la mtoto lisibanwe, maana hupumua kwa tumbo. Leso ya pili ni ya mabegani. Usiku mama alale ameinuka kwa mito. Baba anaweza kushika zamu, na mavyaa pia. Arubaini ya mzazi, ambapo hatoki wala hapiki, ni wakati uliopangwa na wazee wetu ambao unafaa kwa kazi hii kuliko ratiba yoyote ya hospitali.

Mtoto wa chini ya wiki 34 mara nyingi hajui kuunganisha kunyonya, kumeza na kupumua. Maziwa yakamuliwe kwa mkono mara 8 au zaidi kwa siku, usiku zikiwemo, na dang'a ya manjano isimwagwe hata tone. Mwenye zaidi ya kilo 1.5 huanza kwa mililita 60 kwa kila kilo siku ya kwanza, kisha huongezwa 20 kwa kila kilo kila siku. Wa kilo 1.8 basi hupata mililita 108 kwa siku, yaani 13 au 14 kila saa tatu. Siku ya pili 18. Kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, kikichemshwa ni kifaa kizuri sana. Mtoto akae nusu wima, ukingo wa kikombe ukae juu ya mdomo wa chini, maziwa yaguse tu mdomo wa juu. Usimimine. Atalamba mwenyewe kama paka, na akisita, ngoja. Chupa ya chuchu ni ngumu kuisafisha, na kwa mtoto wa kilo mbili kuhara mara moja kunaweza kummaliza. Katika joto letu, maziwa yaliyokamuliwa yasikae mezani zaidi ya saa nne.

Desturi zetu hazina haja ya kufutwa, zinataka kupimiwa saizi ya mtoto. Tahniki ya tende iwe alama tu kwenye kaakaa, kidole kimeoshwa kwa sabuni, na kama mtoto hajaweza kumeza ingoje. Asali hapana, kabla ya mwaka mmoja. Wanja usitiwe machoni. Mwingine una risasi. Moshi wa udi uwe chumba kingine. Siku ya saba nywele zikinyolewa ili zipimwe kwa fedha ya sadaka, iwe adhuhuri, mlango umefungwa, akiwa kifuani, na kofia irudi kichwani papo hapo, kwa kuwa kichwani ndiko joto lake jingi hutokea.

Na lipo moja linalomhusu hasa mama wa kitinda mimba. Anazo nguo za wakubwa wake, zimetunzwa sandukuni na vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo. Harufu ya vidonge vile huvunja damu ya mtoto mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), jambo lisilo nadra kwenye nchi za malaria, na manjano yake hupanda kwa kasi ya kuweza kuumiza ubongo. Nguo hizo zifuliwe na zianikwe juani siku kadhaa, au zisitumike kabisa. Manjano yakifika viganjani na nyayoni ni hospitali, taa ya buluu. Jua la asubuhi dirishani halitoshi.

Mpeleke pia bila kungoja akikataa kunyonya, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, kifua kikibonyea, akiwa na joto chini ya 35.5 au zaidi ya 37.5, akidegedega, au pumzi ikikatika kwa sekunde 20. Hiyo ya mwisho, msugue nyayo au mgongo palepale huku mkienda.

Siku za kwanza atapungua, hata asilimia 10, na atarudi uzito wake kwenye wiki ya pili au ya tatu. Baada ya hapo, mpaka afike kilo 2, tarajia kama gramu 15 kwa kila kilo kwa siku. Akivuka, gramu 20 hadi 30 kwa siku. Apimwe kila wiki kwenye mizani ileile. Kuanzia wiki ya pili matone ya chuma, miligramu 2 hadi 4 kwa kilo, na vitamini D, kwa vipimo vya daktari, kwa sababu akiba hizo mtoto huzipata wiki za mwisho alizozikosa. Kukaa, kutambaa na kusimama kwa aliyezaliwa mapema huhesabiwa tangu tarehe aliyopaswa kuzaliwa. Aliyetoka wiki nane mapema, akiwa na miezi minane, analinganishwa na wa miezi sita.